Ukiugua Ukiwa Mfanyakazi wa Reli Marekani: Fomu, Siku na Pesa za Kujikimu

Ndugu zangu mlio kwenye magengi ya njia, kwenye yadi na kwenye karakana za treni huku Marekani, mwongozo huu ni wenu. Siku hizi ukipita kwenye magengi unasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma, cha Mombasa na cha Bujumbura. Tunajua kunyanyua mataruma na kumwaga kokoto. Tusichokijua, hadi mwili ukatae, ni nani atakayelipa kodi ya nyumba wakati tumelala.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipatwa na henia nikafanyiwa upasuaji. Nililala nyumbani zaidi ya wiki mbili nikiamini kwamba mnyapara wangu akishajua naumwa, basi kila ofisi inayohusika imeshajua. Nilipokuja kupeleka fomu, baadhi ya siku zangu za mwanzo zilikuwa zimekwisha kukataliwa kwa kuchelewa. Tangu hapo nimekaa na wenzangu wengi jikoni kwao nikiwasaidia kujaza makaratasi hayo hayo, na kila mara nakuta tatizo lile lile: haki ipo, tarehe imepita.

Hatua ya 1: Tazama hati yako ya mshahara

Wafanyakazi wengi wa Marekani hukatwa mchango wa Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya taifa. Wa reli hatumo humo. Sisi tuko chini ya Railroad Retirement Board, ambayo kila mtu huiita RRB, bodi ya serikali kuu yenye makao yake makuu Chicago. Kama hati yako ya mshahara inaonyesha makato ya Tier I na Tier II, ambayo ni michango ya pensheni ya reli, umo. Kama inaonyesha Social Security, huenda umeajiriwa na mkandarasi anayefanya kazi kwenye reli bila kuwa kampuni ya reli, na mwongozo huu haukuhusu kwa sehemu kubwa. Wanaobebwa na mabasi ya wakandarasi kwenda kutandika njia, chunguzeni hili leo. Wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi za mijini nao kwa kawaida hawamo, ila reli kama Amtrak na Long Island Rail Road zimo.

Ukiwa chini ya RRB, sahau mifuko ya majimbo. California, kwa mfano, ina bima yake ya wagonjwa, lakini mfanyakazi wa reli haingii huko. Sheria yako ni ya mwaka 1938, ya bima ya ukosefu wa ajira kwa watu wa reli, ambayo mwaka 1946 iliongezewa mafao ya ugonjwa. Wewe huchangii hata senti. Mchango wote hutolewa na mwajiri, kwa hiyo ukiacha kudai, unaacha kitu kilichokwisha kulipiwa kwa jina lako.

Hatua ya 2: Jua kama umeshafuzu

Hapa ndipo wageni wa kazi wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka wa mafao huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Ili ufuzu, RRB hutazama ulichopata katika mwaka wa kalenda uliotangulia huo mwaka wa mafao. Kuna kiwango cha chini cha mapato, na kwa mfanyakazi wa kudumu hicho si tatizo. Kwa mwaka wa mafao ulioanza Julai 2020, kwa mfano, ulitakiwa uwe umepata angalau dola 4,012.50 mwaka 2019, na kwa kila mwezi zilihesabiwa dola 1,605 tu hata kama ulipata zaidi. Kiwango hiki hubadilika kila mwaka.

Shida iko kwenye sharti la pili. Kama mwaka unaotazamwa ndio wako wa kwanza kwenye reli, lazima uwe umefanya kazi katika miezi isiyopungua mitano ya mwaka huo. Tuchukue vijana wawili. Mmoja kaajiriwa Agosti 2024, mwingine Septemba 2024. Wa Agosti ana miezi mitano, kwa hiyo Julai 2025 anafuzu. Wa Septemba ana minne. Huyu anangoja mpaka Julai 2026, yaani karibu miaka miwili tangu aajiriwe, bila fao lolote la ugonjwa kutoka RRB. Mwezi mmoja umemgharimu mwaka mzima.

Kwa hiyo, ndugu uliyeingia kazini juzi, usiwaige wakongwe wanaosema bima ya ziada ni kupoteza pesa. Wao wamefuzu zamani, wewe bado. Tutarudi kwenye bima hiyo chini.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza ya kuumwa, anza saa hiyo hiyo

Fomu za mwanzo ni mbili. SI-1a unajaza wewe. SI-1b anajaza daktari wako. Zinapatikana kwenye tovuti ya RRB, kwa chama chako cha wafanyakazi, na mara nyingi kwa mwajiri. Zinatakiwa zifike RRB ndani ya siku 10 kuanzia siku ya kwanza unayoidai. Angalia neno hilo: zifike. Kutiwa posta siku ya kumi hakukusaidii.

Kwa hiyo chapisha nakala mbili za kila fomu sasa hivi ukiwa mzima, uziweke pamoja na pasipoti na vyeti vya watoto. Mwambie mkeo au mumeo au ndugu unayeishi naye zilipo. Mtu aliyetoka kwenye ajali au upasuaji hana nguvu ya kutafuta fomu kwenye simu, na zile siku 10 hazimsubiri apone. Kama huwezi kushika kalamu, mtu mwingine anaweza kukusaidia kujaza.

Daktari ndiye anayechelewesha wengi. Anakwambia acha fomu, nitaijaza, nawe unaondoka. Usiondoke. Mwombe kwa upole aijaze ukiwa hapo, na akishindwa, uliza ni nani mwingine pale anayeruhusiwa kusaini. Si daktari wa tiba tu anayekubaliwa na RRB. Daktari wa meno, mwanasaikolojia wa tiba na mkunga aliyesajiliwa wanakubalika pia, kila mmoja kwa ugonjwa ulio ndani ya kazi yake. Na ndiyo, mkunga, kwa sababu ujauzito, kujifungua na mimba kuharibika vimo ndani ya mafao haya. Dada zetu wanaofanya kazi kwenye reli mara nyingi hawaambiwi hilo.

Jambo jingine kwa daktari: mweleze kazi yako ilivyo hasa. Ukisema tu kwamba unafanya kazi reli, anaweza kudhani unakata tiketi. Mwambie unanyanyua kilo ngapi, unatembea juu ya kokoto kwa saa ngapi, unapanda ngazi za mabehewa usiku wakati wa barafu. Daktari anayeielewa kazi huandika kwa uwazi kwamba huwezi kuifanya, na huweka tarehe ya kurudi iliyo ya kweli. Tarehe hiyo ina uzito. Ikipita hujapona, RRB itataka maelezo mapya ya daktari kabla ya kuendelea kulipa. Kama Kiingereza chako si cha kueleza maumivu, omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia bila malipo. Tafadhali usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za henia au za mimba iliyoharibika.

Tuma fomu kwa faksi au kwa posta, bakiza nakala, na tunza ile karatasi inayoonyesha kwamba faksi imefika. Kisha pigia RRB, namba 1-877-772-5772, uhakikishe wamepokea. Andika tarehe uliyopiga.

Hatua ya 4: Hesabu siku na pesa

RRB huhesabu kwa vipindi vya siku 14, na siku zote za kalenda zinaingia, Jumapili na siku zako za mapumziko zikiwemo, mradi tu uwe mgonjwa na usiwe na malipo ya siku hiyo. Katika kipindi cha kwanza, siku 7 za mwanzo hazilipwi. Ni za kungoja. Katika vipindi vinavyofuata zinaachwa siku 4, kwa hiyo zinazolipwa hazizidi 10 kwa kila siku 14.

Kiasi cha siku ni asilimia 60 ya mshahara wako wa siku, lakini kuna kikomo, na kwa mishahara ya reli karibu kila mtu hugonga kikomo. Mwaka wa mafao ulioanza Julai 2020 kikomo kilikuwa dola 80 kwa siku, na tangu hapo kimepanda. Tukitumia hiyo 80 kwa mfano: wiki mbili za kwanza utapata siku 7, yaani dola 560. Kila wiki mbili zinazofuata ni dola 800. Mwezi wa kwanza mzima, basi, ni dola 1,360. Tangu 2013 pia kumekuwa na vipindi ambapo sheria za bajeti ya serikali kuu zimepunguza kidogo hata hicho kinacholipwa, kwa hiyo uliza kiwango cha sasa kabla ya kupanga matumizi.

Linganisha na kodi ya nyumba, bili ya gari na pesa unayotuma nyumbani kila mwezi. Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nasema ili uone kwamba RRB peke yake itakushika usianguke chini, lakini haitakubeba.

Zile siku 7 za kungoja hukatwa mara moja tu kwa ugonjwa unaoendelea, hata ukivuka 1 Julai. Mafao ya kawaida hufika wiki 26, au siku 130 za malipo, mradi jumla isizidi mapato yaliyohesabiwa ya mwaka ule uliotazamwa. Mwenye utumishi wa miaka 10 na zaidi anaweza kuongezewa hadi siku 65.

Hatua ya 5: Dai upya kila baada ya siku 14

Ombi lako likishakubaliwa, hulipwi tu mfululizo. Kila kipindi cha siku 14 kina fomu yake ya madai, SI-3. Unaweza kuijaza kwenye karatasi wanayokutumia au mtandaoni kupitia akaunti yako ya myRRB. Una siku 30, kuanzia siku ya mwisho ya kipindi hicho au siku waliyokutumia fomu, ile itakayochelewa. Fungua akaunti hiyo ukiwa mzima, maana kuthibitisha utambulisho mtandaoni kunachosha.

Kwenye fomu hii sema kweli yote. Siku uliyolipwa likizo, sikukuu au siku ya ugonjwa ya kampuni, haidaiwi. Siku uliyoendesha Uber ili upate hela ya chakula, iseme. Najua dhiki inavyosukuma mtu, lakini RRB hulinganisha madai na rekodi za mishahara za majimbo, na anayebainika amedanganya hufungiwa mafao siku 75, atarudisha alichochukua, na anaweza kushtakiwa. Kwa aliye kwenye safari ya kuomba uraia, kosa la namna hiyo ni baya kuliko deni.

Kuhusu siku za ugonjwa za kampuni: Desemba 2022 Bunge la Marekani lililazimisha mkataba wa reli kuzuia mgomo, na pendekezo la kuongeza siku saba za ugonjwa zenye malipo likakwama Seneti. Mwaka 2023 vyama vingi vilizipata siku kadhaa kwa kujadiliana na kampuni moja moja. Kama unazo, kabla ya kuzitumia muulize kwanza mwakilishi wako namna zitakavyoingia kwenye hesabu ya RRB, kwa sababu siku iliyolipwa na kampuni haihesabiwi kuwa siku ya ugonjwa.

Hatua ya 6: Dai kwenye mpango wa ziada wa chama chako

Hapa ndipo kuwa kwenye chama kunapoonekana kwa macho. Vyama vya mafundi wa karakana, wa njia na wa ishara vimejadiliana na kampuni mipango ya mafao ya ziada ya ugonjwa, inayolipiwa na mwajiri, ambayo huongezwa juu ya pesa ya RRB. Sheria inaruhusu: mpango wa ziada uliokubaliwa na RRB haupunguzi mafao yako ya RRB. Lakini ni dai tofauti, kwa fomu tofauti, kwa kampuni ya bima tofauti, lenye tarehe zake za mwisho. Nimekutana na mwenzetu aliyepokea pesa ya RRB miezi mitatu bila kujua mpango huu upo.

Mwakilishi wa tawi lako umuulize maswali haya, na majibu uyaandike: Mimi nimo? Baada ya miezi mingapi ya ajira? Unaanza kulipa siku ya ngapi? Kiasi gani kwa wiki? Ajali ya kazini inalipwa vipi? Fomu ipelekwe wapi na kabla ya lini?

Madereva wa treni na makondakta, ninyi kwa kawaida hamna mpango wa taifa wa namna hii. Vyama vyenu, kama BLET na SMART-TD, vimewapatia wanachama bima ya hiari ya kipato, ambayo mwanachama hujilipia mwenyewe kila mwezi. Kuna pia bima ya kulinda kazi, na watu huzichanganya. Hiyo hulipa ukisimamishwa kazi kwa nidhamu. Ukiumwa haikulipi kitu.

Hatua ya 7: Ukinunua bima yako mwenyewe, soma mambo haya

Uliza kuna siku ngapi za kungoja. Bima yenye siku 30 za kungoja ni nafuu, lakini mwezi huo utakula nini? Uliza inalipa wiki ngapi, na kama inapunguza malipo yake kwa sababu ya pesa ya RRB. Zipo zinazopunguza na zisizopunguza, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya ada. Uliza kama inalipa ajali ya kazini au ni ya nje ya kazi tu. Uliza habari za ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga, kwa sababu nyingi hukataa kuulipa kwa muda fulani.

Muda bora wa kujiunga ni ule mwajiriwa mpya anaporuhusiwa kuingia bila kuulizwa maswali ya afya. Ukiupitisha, unaweza kuulizwa maswali hayo na kukataliwa. Na ukilipa ada kwa pesa iliyokwisha kukatwa kodi, malipo ya bima hayatozwi kodi ya mapato. Mafao ya RRB hutozwa kodi ya serikali kuu isipokuwa yale ya kuumia kazini. Kodi ya mapato ya jimbo hayatozwi.

Kama umeumia kazini

Wengi wetu tumezoea utaratibu wa nyumbani. Tanzania kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao humlipa aliyeumia kazini bila kuuliza kosa ni la nani. Reli za Marekani haziendi hivyo, wala fidia ya wafanyakazi ya majimbo haituhusu. Sisi tuna sheria ya FELA ya mwaka 1908. Ili ulipwe, lazima uonyeshe kwamba uzembe wa kampuni ulichangia kuumia kwako, hata kwa sehemu. Kosa lako likiwepo linapunguza malipo bila kuyafuta. Una miaka mitatu kufungua kesi.

Kwa hiyo toa taarifa ya maandishi siku hiyo hiyo, na ndani yake taja kilichokuumiza: ngazi iliyolegea, taa iliyokufa, kokoto zilizomwagwa njiani pa kupita, watu pungufu kwenye gengi. Ukiandika tu kwamba uliteleza, umejiandikia kosa. Afisa madai wa kampuni atakuja na maneno mazuri. Mheshimu, lakini kabla ya kurekodiwa au kusaini chochote zungumza na mwakilishi wako, naye atakuelekeza kwa wanasheria ambao chama kinawatambua. Kukuadhibu kwa kutoa taarifa ya kuumia au kwa kufuata maagizo ya daktari ni kinyume cha sheria. Ikitokea, una siku 180 kulalamika OSHA, ofisi ya serikali kuu ya usalama kazini.

Mafao ya RRB unayadai vile vile, usingoje kesi. Ila ukilipwa fidia na kampuni baadaye, RRB itarudishiwa mafao iliyokulipa kwa jeraha hilo. Mwanasheria wako aihesabu mapema, isije ikakushtua siku ya hundi.

Kazi yako isichukuliwe

Pesa ni jambo moja, nafasi ya kazi ni jingine. Sheria ya FMLA ya 1993 hukulindia kazi kwa wiki 12 bila malipo, kama umemaliza miezi 12 kwa mwajiri huyo na kufanya saa 1,250 katika mwaka uliotangulia. Hiyo huiombi kwa RRB wala kwa chama. Unaiomba kwa mwajiri, na fomu yake ni nyingine tena. Mkataba wa chama unaweza kukupa likizo ndefu zaidi, kwa hiyo uusome.

Ikifika mwezi wa nne hujapona

Usingoje wiki 26 ziishe. RRB ina mafao ya ulemavu wa kudumu, na moja ni la wasioweza tena kazi yao ya reli hata kama wangeweza kazi nyingine. Hilo linahitaji utumishi wa miaka 20 kwa umri wowote, au miaka 10 ukishafika 60. Lina miezi mitano ya kungoja baada ya ulemavu kuanza, na uchunguzi wa faili huchukua muda wake. Ukiomba mwezi wa nne, mafao ya ugonjwa bado yanaingia wakati faili linasomwa. Ukiomba mwezi wa saba, hayaingii tena. Piga namba ile ile, omba miadi na ofisi ya RRB iliyo karibu nawe, na uende na orodha ya madaktari wote waliokutibu tangu siku ya kwanza, pamoja na tarehe.